Herufi Tisa Chini ya Usukani

Mimi sioni rangi kama wenzangu wanavyoziona, na kazi yangu ni umeme wa malori. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu hugeuka kulitazama lori lao. Nawaelewa. Sikufika hapa peke yangu, na aliyenifikisha hapendi kusifiwa mbele za watu, kwa hiyo naona niandike.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yangu hayakuwa ya kunipeleka mbali. Kwetu ni Itetemia, pale mji wa Tabora unapokwisha na mashamba ya mahindi na karanga yanapoanza. Mama alimfahamu fundi mmoja mjini, mwanamke, binti wa mzee aliyekuwa akitutengenezea redio. Ni watu wa mjini wa siku nyingi, Waislamu, na ufundi kwao ni urithi: babu aliziba sufuria, baba akafungua redio, binti akaingia kwenye malori. Mama alikwenda kumwomba anichukue. Akakubali bila maneno mengi.

Nilimwita Dada. Alivaa ovaroli la bluu juu ya gauni, na mtandio aliufunga nyuma ya kichwa usinase kwenye vyuma. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara ya Nzega, na madereva waliomzidi umri walimwita Fundi kwa heshima yote. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Dada," naye hujibu, "Marahaba, umekunywa chai?" Nikisema bado, hakuna kazi mpaka ninywe.

Majuma ya mwanzo nilishika tochi na kupitisha vifaa. Kisha siku moja alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu imebaki nje, akanyoosha mkono. "Nipe kipande cha waya ya kijani."

Nikampa. Kikarudi.

"Kijani, mdogo wangu."

Nikampa kingine. Nacho kikarudi. Nilipompa cha tatu alitoka chini taratibu, akajifuta mikono, akachukua vipande vyote vya waya vilivyokuwa kwenye kopo na kuvimwaga juu ya gunia.

"Vipange. Kila rangi na wenzake."

Nilivipanga kama nilivyozoea kupanga vitu vyote maishani, vilivyong'aa huku na vilivyofifia kule. Nilipomaliza aliinama akatazama kwa muda. Akaokota viwili kutoka fungu moja.

"Hivi kwako ni rangi moja?"

"Ni moja, Dada."

"Hiki ni njano. Hiki ni kijani." Akaokota vingine viwili. "Na hivi?"

"Ni moja."

"Nyekundu na kahawia."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mpaka siku hiyo niliamini kila mtu anabahatisha kama mimi, ila wenzangu wana bahati zaidi. Nilikumbuka bustani ya mama, jinsi alivyonituma kuchuma nyanya zilizoiva nikamletea mbichi, akanichapa akidhani ni uvivu. Baadaye nilijifunza kuziminya kwa vidole kabla ya kuchuma, na viboko vikaisha. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ndugu zangu hawaziminyi.

Adhana ya Alasiri ilikuwa imekwishaadhiniwa. Dada alikwenda kutawadha, akaswali nyuma ya gereji, akarudi. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kando ya gunia. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia baba kwamba nimerudishwa nyumbani.

"Kesho uje kama kawaida," alisema. "Na uje mapema."

Asubuhi yake alikuwa na soketi mkononi, ya duara, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Aliing'oa kwenye lori lililoungua. Ndiyo inayokuwa chini ya usukani kwenye malori ya Kimarekani yenye pua ndefu, na humo ndimo tunamochomeka mashine ya kusoma hitilafu.

"Funga macho," alisema. "Una nini mkononi?"

Niliipapasa. "Pini. Zinazunguka, na moja ipo katikati. Na ukingoni kuna mikato."

"Fungua macho sasa, usome kando ya pini."

Kulikuwa na herufi ndogo zilizochongwa kwenye plastiki. Nikasoma: A, B, C, D, E, F, G, H, J. Nikasimama. "Dada, I haipo."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana yake. "Waliiruka kwa kuwa inafanana na moja. Aliyeitengeneza alijua kuna mtu ataikosea. Kwa hiyo usidhani kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiokosea."

Kisha akanifundisha. A ni hasi ya betri, B ni chanya. C na D ni waya mbili ambamo kompyuta za lori huzungumza: ya injini, ya breki, ya dashibodi, zote kwenye njia hiyohiyo moja. Kwa kiwango walichokubaliana watengenezaji, C ni njano na D ni kijani.

"Hiyo kwako si kitu," alisema. "Kwako C ni C. Halafu tazama, zimesokotwa pamoja kama kamba, mwanzo hadi mwisho. Katika fungu la waya la lori huzikuti zikiwa zimenyooka kama nyingine. Macho yako yakishindwa, vidole vitazijua."

Akanipa mita. Alieleza kwamba kila ncha ya njia hiyo ina rezista ya ohm mia na ishirini, mfano wa watu wawili walioshika kamba huku na huku. Zima betri, pima kati ya C na D. Zikiwa zote mbili mahali pake utasoma sitini, nusu, kwa kuwa umeme una njia mbili za kupita. Ukisoma mia na ishirini, mmoja ameachia kamba. Njia imekatika mahali, na kazi yako ni kupatafuta.

Jambo la mwisho lilikuwa la plagi. Soketi za zamani ni nyeusi, za malori mapya ni za kijani, na kwenye hizo mpya mazungumzo huenda kwa kasi maradufu. Plagi ya zamani haiingii kwenye soketi mpya, maana mkato wa ukingoni umebadilishwa makusudi. Wapo mafundi wanaoichonga kwa tupa mpaka iingie.

"Wewe usifanye hivyo. Ni kumwingiza mtu asiyeijua lugha katikati ya kikao, aanze kupayuka, kila mmoja ashindwe kumsikia mwenzake. Plagi ikigoma, basi imeshakwambia rangi ya soketi. Huna haja ya kuiona."

Nilikaa naye hivyo, mvua zikaja zikapita. Alikuwa ameolewa, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kike. Akaingia arobaini, akawa hatoki nje, na gereji ikabaki mikononi mwangu kwa kazi ndogondogo, taa za tela na mambo kama hayo. Ndipo simu ya Puge ikaja.

Alinipigia yeye mwenyewe asubuhi, nasikia mtoto analia kando yake. "Kuna semi-trela imelala Puge, imebeba ng'ombe kupeleka Dar. Injini inaunguruma, lakini pedeli ya mafuta haisikii. Nenda."

"Peke yangu, Dada?"

"Unataka nije nawe na mtoto mgongoni? Nenda. Chukua mita."

Nilipanda basi la Nzega na mfuko wangu wa vifaa mapajani, nikisali Salamu Maria kimyakimya njia nzima.

Puge jua lilikuwa utosini. Lori lilikuwa jipya kuliko yote niliyowahi kuyagusa, pua ndefu, limeegemea ukingo wa barabara pasipo mti wa maana. Ng'ombe wamebanana ndani ya tela, ndimi nje, na mmoja alikuwa ameanguka chini ya miguu ya wenzake. Wanawake wa kijijini walikuwa wakileta maji kwa ndoo, wakipanda kwenye magurudumu na kuyamimina kupitia upenyo wa mbao. Hakuna aliyewaita. Walisikia ng'ombe wanalia wakaja.

Dereva alikuwa Msukuma, mnene, shati limelowa jasho. Alitazama nyuma yangu kama anayemtafuta mwingine. "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Yule mama je?"

"Yuko arobaini. Kanituma."

Alipumua kwa nguvu, akanifungulia mlango.

Niliingia chini ya usukani, nikaifuta ile soketi vumbi. Kwangu ilikuwa na weusi wa kawaida, kama soketi yoyote yenye vumbi. Nikaleta plagi ya mashine yetu, nikaizungusha. Haikuingia. Nikapitisha kidole ukingoni, nikauhisi mkato usiokuwapo kwenye zile za zamani. Soketi ya kijani. Plagi yake tulikuwa bado hatujaagiza kutoka Dar.

"Haiingii," nilimwambia dereva.

"Lete tupa! Nimeona fundi akiichonga hivihivi, ikaingia."

"Ikiingia itavuruga zaidi. Mashine hii inaongea polepole na lori hili linaongea haraka."

"Ng'ombe wanakufa, wewe unaniambia habari za kuongea?"

Nilishuka nikafungua betri, nikarudi na mita. C na D. Mita ikaandika mia na ishirini.

Mtu asiye fundi hawezi kujua namba ile ilivyonipa nguvu. Sikuwa tena mbele ya lori zima lenye kompyuta zake zote. Nilikuwa natafuta mahali pamoja ambapo kamba imeachiwa.

Nikafungua boneti, nikaanza kulifuata fungu la waya kutoka ukuta wa kibini, chumba cha dereva, kuelekea kwenye injini, vidole vikitangulia macho. Karibu na bomba la moshi kibano kimoja kilikuwa kimekatika, fungu likalegea, likaegemea chuma cha moto, na mtikisiko wa safari ukamalizia. Waya kadhaa zilikuwa zimekatika. Upande wa kibini nilizipata zilizosokotana mara moja, kwa kuzishika tu. Lakini upande wa injini waya zilikuwa zimefumuka, ncha zimetawanyika, na namba ambazo kiwandani huwa wamezichapa juu yake zilikuwa zimeliwa na moto. Kilichobaki ni rangi. Na kwangu zilikuwa zote za udongo.

Nilisimama pale na ncha mkononi, watu wamenizunguka. Ningeweza kuzipima moja moja hadi jioni. Nikamsikia yule ng'ombe aliyeanguka akikoroma. Karibu yangu alikuwa amesimama mama mmoja na ndoo tupu, kanga imelowa mbele. Nikamgeukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unisaidie macho yako. Mimi rangi sizioni vizuri."

Nilikuwa sijawahi kulisema jambo lile mbele ya watu. Dereva akashika kichwa.

"Haoni rangi? Fundi wa umeme haoni rangi? Wamenitumia kipofu!"

Yule mama alitua ndoo chini. "Baba, tumekuwa tukibeba maji tangu asubuhi na hatukukuuliza ng'ombe ni wa nani. Mwache kijana afanye kazi." Akaniinamia. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha ncha ya kwanza. "Hii ni nyekundu," akasema. Ya pili: "Hii nayo nyekundu, ila imeungua." Ya tatu akaishika kwa kucha, akaisugua kwa kanga. "Hii ni kiini cha yai. La kuku wa kienyeji."

"Njano?"

"Njano kabisa. Na hii iliyojificha hapa ni kijani. Jani la mlenda."

Nikazifunga hizo mbili uzi ili zisinipotee, nikamwomba anishikie ile ya kiini cha yai. Upande wa kibini nao akanisomea zile mbili zilizosokotana. Kisha, kama nilivyofundishwa kutoamini jicho peke yake, hata la mwenye macho mazuri, nilivuta waya ndefu kutoka pini C hadi pale, nikapima kwa mita kama ni waya ileile. Ikalia. D nayo ikalia. Zile mbili za upande wa injini nikapima kati yake, nikasoma mia na ishirini, yaani rezista ya pili. Kila kitu alichosema yule mama kilikuwa sawasawa.

Nikakata sehemu zilizoungua, nikaunga, nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikafunika, nikazisokota upya kama zilivyokuwa. Zile nyingine alizisoma yeye, mimi naunga. Nilipomaliza tulilifunga fungu zima mbali na bomba la moshi kwa vibano vipya. Nikarudi chini ya usukani. C na D.

Sitini.

Dereva alipowasha na kukanyaga pedeli, lori liliitika kwa mngurumo uliowafanya watoto wa Puge wakimbie wakicheka. Lakini yeye hakuondoka. Alizima, akaruka chini, akaingia kwenye tela pamoja na wanaume wawili wa pale, wakamshika ng'ombe yule mkia na pembe, wakahesabu kwa pamoja na kumwinua. Akayumba, akasimama. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba wameoza binti.

Dereva alishuka amejaa samadi hadi magotini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuniachia. "Wabeja, fundi," alisema kwa Kisukuma. "Wabeja sana." Kisha akamgeukia yule mama, akavua kofia, akamwambia neno hilohilo, na kumwambia tena. Mama akajibu kwamba kama ana shukrani, awaachie samadi iliyodondoka, bustani zao zina njaa. Wakaifagia yote, na lori likaondoka lingali na mchana wa kutosha mbele yake.

Nilimpigia Dada nikiwa bado kando ya barabara.

"Umesoma ngapi?" ndilo swali lake la kwanza.

"Sitini."

"Alhamdulillahi," akasema. Halafu, "Umekula?"

Sikuwa nimekula. Yule mama wa Puge ndiye aliyenipikia ugali na mlenda, nikala barazani kwake mpaka basi la kurudi likapita.

Arobaini ilipokwisha, mimi na mama yangu tulikwenda kumwona mtoto, tumebeba kuku na karanga. Katika mazungumzo Dada akagusia habari ya rangi, akidhani nyumbani wanajua. Mama akanigeukia. Niliona anavyorudi nyuma kimawazo, mwaka baada ya mwaka, mpaka akafika kwenye bustani. Alinivuta kichwa akakiweka begani pake, mbele ya wageni wote, mimi mtu mzima mwenye ndevu, na nikakiacha palepale.

Siku hizi nina gereji yangu, na Dada ana yake, si mbali. Hatugombanii wateja. Lori likinishinda nampelekea, likimshinda ananiletea, na tulipoagiza plagi za kijani kutoka Dar tuliagiza mbili kwa pamoja. Plagi hizo zina jambo zuri, nazo zinaingia kwenye soketi za zamani pia. Mke wangu ndiye anayenichagulia shati la kanisani, na ameniambia kuna Jumapili moja kabla hatujaoana nilihudhuria misa nimevaa soksi ambazo hazikuwa ndugu.

Nikiitwa nje ya mji, kabla sijafungua mfuko nasema wazi: mimi rangi sizioni, naomba mtu mmoja mwenye macho mazuri. Sijawahi kumkosa. Nimesomewa waya na katekista, na muuza chapati, na polisi wa barabarani aliyeweka kofia yake juu ya boneti ili apate kuinama. Fundi mwenye macho mazuri huingia chini ya dashibodi peke yake na kutoka peke yake. Mimi kila kazi hunipa mtu wa kumshukuru, na nyumba nyingi kati ya Nzega na Sikonge zinanijua kwa sababu hiyo.

Msimu wa tumbaku uliopita nilikuwa Ipole, kwenye lori lililogoma likiwa limeshapakiwa marobota. Aliyejitolea alikuwa mzee mmoja mrina asali. Alishika waya ya kwanza akaipeleka kwenye jua, akasema hii ni asali ya miombo, ile ya mvua za mwanzo. Mkewe, aliyekuwa amekuja kutazama tu, akasema hapana, mzee huyu siku hizi hata kofia yake haioni, hiyo ni asali ya kiangazi. Wakaingia kwenye mabishano, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, majirani nao wakachagua pande. Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikiwasubiri, mita imewashwa mapajani, nimefurahi kupita kiasi.